Paka na mti wa Krismasi
Wenye paka mnaopamba mti mwezi huu, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi hapa Mwanza: zile nyuzi za kung'aa ziacheni dukani. Paka akimeza hata moja, inaweza kumkunja utumbo na kuukata. Ukiona uzi umechungulia kwenye tundu lake la nyuma, usiuvute! Mwahishe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Mti ufunge kamba kwenye nondo za dirisha, maana ataupanda tu. Vipira vya kioo viwe juu, chini weka vya plastiki. Taa chomoa kabla ya kulala, waya hutafunwa. Maganda ya machungwa chini ya mti huwafukuza baadhi; huyu wangu, aliyezoea shombo la dagaa wa mwaloni wanakoshushia samaki, wala hajali.