Sifa za kompyuta kwa kutumia bao: somo la kwanza kwa wanaoanza

Ndugu wanachama, salaam.

Wamejiunga wageni wengi mwezi huu, na karibu wote wanaomba tuanze mwanzo kabisa. Basi tuanze. Vitabu vya shule huziorodhesha sifa za kompyuta hivi: ina kasi, ni sahihi, haichoki, ina kumbukumbu kubwa, inafanya kazi za aina nyingi, na haina akili yake yenyewe. Mwanafunzi huzikariri, akazijibia mtihani, halafu akikaa mbele ya mashine hajui zimsaidie nini. Mimi hufundisha nikianzia na ile ya mwisho, inayowekwa mkiani kana kwamba haina uzito. Kompyuta haielewi kitu. Ukilishika hilo, nyingine zote zinajieleza.

Kwa somo hili huhitaji kompyuta. Unahitaji bao, kete na daftari. Kama nyumbani hamna bao, barazani kwa jirani halikosekani.

Hatua ya 1: Zijue kazi nne

Kompyuta hupokea, huchakata, hutunza na hutoa. Nenda steshenari yoyote hapa Ngamiani utaziona zote nne kwa dakika kumi. Mteja analeta barua ya mkono, kijana anaipiga kwenye kibodi: hapo mashine imepokea. Prosesa, yaani kile kipande cha ndani kinachotekeleza maagizo, inapanga maneno na kukata mistari: imechakata. Faili linakwenda kwenye diski: imetunza. Karatasi inatoka kwenye printa: imetoa.

Cherehani nayo hupokea kitambaa ikatoa nguo, lakini cherehani hushona tu. Kompyuta inabadilishiwa maagizo, na maagizo hayo ndiyo tunayaita programu. Mashine ile ile asubuhi ni ya barua, mchana ya kuhariri picha za harusi, jioni ya hesabu za duka. Sifa ya kufanya kazi nyingi ndiyo hiyo, sina zaidi la kuongeza.

Hatua ya 2: Andika TANGA kwa kete

Hapa tukae, kwa sababu ndipo penye somo lenyewe.

Bao letu lina safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Chukua safu moja, itoe kete zote. Sheria ni moja: shimo lina kete moja au halina kitu. Sahau kutakata, sahau nyumba. Sasa, kutoka kulia kwenda kushoto, lipe kila shimo thamani yake: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Kila shimo ni mara mbili ya jirani yake wa kulia. Ziandike kwenye kipande cha karatasi ukilaze juu ya safu.

Weka kete kwenye shimo la 64 na shimo la 1. Jumla yake 65. Katika orodha ya herufi iitwayo ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, namba 65 ndiyo A kubwa. Basi umeandika A. Endelea: T ni 84, yaani kete kwenye 64, 16 na 4. N ni 78: 64, 8, 4 na 2. G ni 71: 64, 4, 2 na 1. Ukipanga T, A, N na G, safu zote nne zimekwisha, na A ya mwisho inataka bao la pili.

Shimo moja ndilo biti. Safu moja ya mashimo manane ni baiti. Kwa hiyo bao zima ni baiti nne.

Sasa tulia ulitazame. Jina la mji wetu limo humo, lakini bao halijui Tanga ni nini. Halijui Raskazone, halijui mkonge. Lina mashimo yenye kete na yasiyo na kete, basi. Kompyuta ni hivyo hivyo, ila badala ya kete kuna umeme wa kiwango cha juu au cha chini ndani ya vipande vidogo visivyoonekana kwa jicho. Picha ya mtoto wako, kaswida uliyoirekodi, orodha ya mishahara, vyote humo ndani ni safu za aina hii, mamilioni kwa mamilioni.

Kabla hujazoa kete, fanya jambo moja zaidi. Rudi kwenye safu ya T, ongeza kete kwenye shimo la 32. Jumla inakuwa 116, nayo ni t ndogo. Kete moja tu imebadili herufi. Sisi tukisoma sentensi tunajua kama mtu anasema Tanga mji au tanga la jahazi, hata akikosea herufi kubwa. Mashine inaona jumla mbili tofauti. Ndiyo maana neno la siri uliloliweka kwa herufi kubwa ukiliandika kwa ndogo mlango haufunguki, hata ubembeleze vipi.

Hatua ya 3: Pima kasi

Prosesa ya GHz 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde moja. Ukiamua kuhesabu namba moja kila sekunde, usile, usilale, bilioni 3 utaifikia baada ya miaka kama 95. ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946 ikiwa na valvu (taa za kioo zilizopitisha na kukata umeme) zipatazo 18,000 na kujaza chumba kizima, ilikuwa ikijumlisha mara 5,000 kwa sekunde, na wakati ule hayo yalikuwa maajabu.

Kasi hiyo si werevu. Kila hatua ya mashine ni ndogo mno, kama kuweka kete au kuitoa, na kati ya hatua na hatua haisimami kuwaza. Kutochoka nako kunatoka hapo hapo. Ukiipa majina 10,000, jina la mwisho litapata uangalifu ule ule wa jina la kwanza, kwa kuwa hakuna wazo humo ndani la kuchoka nalo.

Hatua ya 4: Tofautisha kumbukumbu mbili

Mgeni akija Ngamiani anashangaa barabara kuitwa kwa namba: Barabara ya Saba, ya Nane, ya Tisa. Lakini mwenye namba hapotei. Kumbukumbu ya kompyuta imepangwa kwa mtindo huo: kila baiti ina namba ya anwani yake, na prosesa inakwenda moja kwa moja kwenye namba inayoitaka.

Kumbukumbu zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni ramu, ambamo mna kazi unayoifanya sasa hivi. Ina kasi sana, lakini umeme ukikatika kila kilichomo kimekwenda. Ya pili ni diski, au fleshi, inayotunza hata ikizimwa. Kuhifadhi, au kusevu kama tusemavyo, maana yake ni kunakili kutoka ramu kwenda kwenye diski. Ukimaliza aya moja, bonyeza Ctrl na S pamoja. Vidole vizoee mpaka viwe vinafanya bila kuambiwa.

Hatua ya 5: Uelewe usahihi wake

Hapa ndipo wengi tunapoumia, na mimi nimeumia.

Nilikuwa naweka kwenye Excel, programu ya kupanga na kujumlisha hesabu kwenye jedwali, hesabu za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Jumla ya mashine ikatoka pungufu kwa shilingi 50,000 ikilinganishwa na daftari lao. Nikawaambia kwa uhakika kabisa kwamba kompyuta haikosei, daftari ndilo likaguliwe upya. Mweka hazina, mama mtu mzima ambaye hajawahi kugusa kibodi, hakubishana. Akaomba nimchapie karatasi, akavaa miwani, akaanza kushuka na kidole mstari kwa mstari. Akasimama mahali. "Mwanangu, hii sifuri yako mbona imenona kuliko wenzake?"

Haikuwa sifuri. Ilikuwa herufi O. Nilikuwa nimeandika 5O,000 na mashine ikaliona hilo ni neno, si namba. Nilipoiagiza ijumlishe safu nzima, ikajumlisha namba na kuliruka neno, kama ilivyoundwa kufanya. Haikukosea hata senti moja. Jibu lilikuwa sahihi kwa kile nilichokiingiza, na lilikuwa si kweli. Nilimwomba radhi mbele ya kikundi, na tangu siku ile kila jumla kubwa naikagua kwa njia ya pili kabla sijaitoa mkononi.

Jaribu mwenyewe: kwenye Excel andika 2000, chini yake 3O00 kwa herufi O, chini yake 5000, kisha jumlisha kwa SUM. Utapata 7000. Tazama pia mahali maandishi yaliposimama: usipobadili mpangilio, namba hujipanga kulia na maneno kushoto. Jicho likizoea hilo, kosa kama langu utaliona kabla ya kujumlisha.

Nchi yetu nayo ililipia somo hili. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali zilizohamishiwa kwenye kompyuta kuvurugika, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mashine ile haikuwa na uwezo wa kusema kwamba ilichopewa hakiko sawa. Za leo, pamoja na kasi yake yote, zinataka mtu wa kutazama kinachoingia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Pongwe: Mwalimu, shikamoo. Naandika namba za simu za wateja kwenye Excel, sifuri ya mbele inapotea. Na namba za NIDA, za vitambulisho vya taifa, zinageuka kitu chenye herufi E katikati. Kompyuta yangu mbovu?

Jibu: Marahaba. Si mbovu. Umeandika tarakimu, ikadhani unataka kuhesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. La NIDA ni la hatari zaidi. Namba ile ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho zinageuzwa sifuri na hazirudi. Namba ya simu hujumlishi wala huzidishi, kwa hiyo iambie mashine ni maandishi: tanguliza alama ya ' kabla ya tarakimu ya kwanza, au badili safu nzima iwe Text kabla hujaanza kuingiza. Zile za NIDA ulizokwisha kuingiza, tafadhali zichukue upya kutoka kwenye vitambulisho, usijaribu kuzitengeneza hapo hapo.

Mwanachama, Makorora: Nimenunua diski ya GB 500, kompyuta inaonyesha 465. Nimepunjwa?

Jibu: Hujapunjwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu: GB moja ni baiti bilioni moja. Windows inahesabu kwa 1,024, kwa kuwa mashine hupenda kuzidisha kwa mbili kama mashimo yetu ya bao. Gawa 500,000,000,000 kwa 1,024 mara tatu mfululizo, utapata 465 na ushei. Ni shehena ile ile kwa vipimo viwili. Ila ukiuziwa fleshi inayojitangaza GB 512 kwa bei ya chai na maandazi, hiyo ijaribu kwanza kwa kuijaza mafaili na kuyafungua tena moja moja.

Mwanafunzi, Muheza: Simu ya mkononi ni kompyuta? Kwenye mtihani niandikeje?

Jibu: Ni kompyuta. Inapokea kwa kioo na maiki, inachakata, inatunza, inatoa, na unaibadilishia programu. Andika hivyo bila wasiwasi. Kikokotoo cha kawaida cha dukani usikiweke kundi hilo, kwa sababu hukiwekei programu mpya.

Mzee mmoja, Pangani: Mwalimu, wajukuu wana programu inayojibu maswali kwa Kiswahili safi kabisa. Bado unasema mashine haielewi kitu?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Swali zito, na watu wenye elimu kubwa wanabishana juu yake. Lakini ndani ni namba zile zile. Programu hizo zimepitishwa kwenye maandishi mengi mno, zikapata hesabu ya neno gani linaelekea kufuata neno gani. Zinakadiria neno, kisha linalofuata, kwa kasi tuliyoiona hatua ya tatu. Ndiyo sababu zinaweza kukupa jibu tamu, lenye adabu, na lisilo kweli, bila sauti kutikisika. Waruhusu wajukuu wazitumie, lakini jibu la dawa, la sheria au la fedha walithibitishe kwa mtu mwenye kazi yake.

Mwanachama, Chumbageni: Nimejaribu bao na watoto, tumefurahi sana. Tumekwama kwenye NG'OMBE. Ile alama ya katikati inahesabiwa?

Jibu: Inahesabiwa, na hongereni kwa kufika huko. Alama ' ina namba yake, 39, yaani kete nne: 32, 4, 2 na 1. Neno lote linataka safu saba. Kisha waonyeshe watoto jambo hili. Baadhi ya simu hubadilisha alama hiyo zenyewe, zikaweka ile iliyopinda. Hiyo iliyopinda haimo kwenye orodha ya ASCII. Kwa utaratibu wa UTF-8 unaotumika zaidi siku hizi inachukua baiti tatu, safu tatu za bao kwa alama moja. Kwa macho ni ng'ombe yule yule. Ndiyo maana ukimtafuta kwenye faili, baadhi ya programu hujibu kwamba hayupo, na wewe unamwona pale pale kwenye kioo. Ikikutokea, nakili neno kutoka ndani ya faili lenyewe ulibandike kwenye kisanduku cha kutafutia.