Rekodi na Dolby, cheza bila Dolby

Kama una deki ya kaseti yenye swichi ya Dolby B, usiitupe. Kazi yake ni kupunguza ule mvumo wa "shhh" wa tepu: ukirekodi, inainua sauti nyembamba za juu zinapokuwa hafifu, hadi desibeli 10 hivi, ukicheza, inazishusha na mvumo unashuka nazo. Wewe ruka hatua ya pili. Rekodi sauti za waitikiaji wa wimbo wako swichi ikiwa imewashwa, kisha cheza kaseti hiyo swichi ikiwa imezimwa. Pumzi, "s" na mikia ya maneno vinasogea mbele, ila wanapoimba kwa nguvu sauti haiguswi sana. Ekwalaiza ya kawaida haikupi hilo.

Rekodi kwa kiwango cha chini kidogo, maana mita ikigonga nyekundu Dolby haiongezi kitu. Mvumo utabaki, kwa hiyo mimi huiweka sauti hii ya kaseti chini ya ile sauti safi ya waitikiaji isiyopita kwenye kaseti, kidogo tu, nikiisogeza zilingane kwa sababu kaseti haishiki kasi sawasawa.

Mafundi wa studio walianza mchezo huu na Dolby A, mtambo wa Ray Dolby unaogawa sauti katika bendi nne, kuanzia za chini hadi za juu, wakizima bendi za chini na kubaki na za juu.