Somo: Namna ya kuandaa siku ya kuwaenzi wanamichezo wa zamani wa chuo chako

Mwaka jana tulimkabidhi ngao kijana wa mfungaji wetu. Mfungaji huyo, mama yake kijana, ndiye aliyetupeleka fainali ya netiboli ya vyuo vya ualimu, na kwa miaka mingi, kila tulipokutana kwenye harusi au msibani, tulikuwa tukisema, "Huyu lazima tumfanyie kitu." Tulipokuja kukifanya hicho kitu, alikuwa ameshazikwa miezi minne. Kijana aliipokea ngao kwa mikono miwili, akasoma maandishi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mama alikuwa anacheza nafasi gani?"

Nilimweleza. Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana ngao yetu ilikuwa na jina lake, nembo ya chuo na maneno "mchango mkubwa katika michezo", basi. Hata mwanawe aliyeishika hakuweza kujua mama yake alifanya nini uwanjani.

Tangu hapo nimebadilisha kabisa namna ya kuandaa shughuli hizi, na wengi wenu mmeniomba niandike. Kumuenzi mwanamichezo ni kusema kwa usahihi alichofanya, mbele ya watu waliokiona, yeye mwenyewe akiwa anasikia. Hatua zote hapa chini zinatumikia hilo.

Hatua ya 1. Fungua daftari kabla ya kutaja jina la mtu

Kamati nyingi huanza na majina. Mmoja anamtaja rafiki yake, mwingine anamtaja mtu mwenye cheo serikalini, na kikao kinaishia hapo. Anzeni na kumbukumbu. Chukua daftari kubwa, chora safu tano: mwaka, mchezo, mashindano, matokeo, ushahidi. Safu ya mwisho isibaki tupu hata siku moja.

Ushahidi uko wapi? Kwanza stoo ya michezo. Nenda na tochi na kitambaa. Makombe ya zamani yana mwaka na jina la mashindano chini ya kitako, na mara nyingi yamefunikwa na vumbi nyuma ya neti zilizochakaa. Tafuta fomu za usajili wa wachezaji na barua za ruhusa za safari: barua moja ya ruhusa inaweza kukupa kikosi kizima kwa majina. Picha zigeuze nyuma, watu wa zamani walikuwa wanaandika.

Kisha magazeti. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam na mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pa kukaa siku nzima na matoleo ya zamani. Nenda ukiwa tayari unajua mwaka na mwezi wa mashindano, vinginevyo utapotelea humo.

Halafu watu. Wanamichezo wengi wa vyuo waliajiriwa kisha wakaendelea kucheza mashindano ya SHIMIWI wakiwa wizarani, ya SHIMMUTA wakiwa kwenye mashirika, au ya Mei Mosi. Ukimpata mmoja wa timu ya wizara, atakupa wanne aliosoma nao. Na usimsahau mpishi wa chuo wala mlinzi wa zamani. Mpishi wetu, mzee aliyestaafu siku nyingi, alitutajia kikosi chote cha mpira wa wavu kwa kukumbuka nani alikuwa anarudi dirishani kuomba nyongeza ya ugali.

Simulizi ya mdomo tunaikubali pale watu wawili ambao hawakukaa bweni moja wanaposema jambo lilelile. Mmoja peke yake, tunaliandika kwa penseli.

Hapa nisimame kidogo kwenye suala la akina mama, kwa sababu ndiko tunakopoteza watu wengi. Binti alisajiliwa chuoni kwa jina la baba yake. Akaolewa, akabadilisha jina, akahama mkoa, na leo mtaani anaitwa Mama Fulani. Kwenye orodha ya waliohitimu yupo, lakini ukimtafuta kwa jina lile humpati popote. Njia iliyotusaidia ni kuwauliza wenzake wa bwenini, maana wao walikwenda kwenye harusi yake. Tangu tuanze kufanya hivi, orodha yetu ya netiboli imekuwa ndefu kuliko ya mpira wa miguu.

Hatua ya 2. Tenganisha mambo matatu

Kwa kila jina andikeni mafungu matatu: aliyoyafanya akiwa chuoni, aliyoyafanya kwa taifa, na aliyoyafanya baadaye. Mkiyachanganya, mtampa heshima mtu mkubwa kwa sababu ni mkubwa tu.

Chukueni mfano wa Suleiman Nyambui. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, Tanzania ilikuwa na medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Nyambui katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini wakati ule Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, na mwaka huohuo wa 1980 alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani. Baadaye akashinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Medali ya Moscow ni ya taifa. Berlin ni ya maisha ya baada ya chuo. Ubingwa wa nyika aliupata akiwa na fulana ya chuo, na kama mimi ndiye ningeandika ngao ya chuo, huo ndio ungekuwa mstari wa kwanza.

Mkishafanya hivi, mtaona kwamba mwalimu wa shule ya msingi aliyeshinda mita 800 ya vyuo miaka mitatu mfululizo, halafu hakusikika tena, anasimama sawa kabisa na aliyekwenda timu ya taifa. Chuo kinaenzi kilichofanywa kwa jina la chuo.

Kamati iwe na watu wa enzi tofauti, wanawake wasipungue wawili, na mwanafunzi mmoja wa sasa. Asiyezidi miaka mitano tangu aondoke chuoni asubiri kwanza.

Hatua ya 3. Nenda kwake

Usimtangaze mtu kabla hujakaa naye. Piga simu, omba siku, kisha nenda nyumbani kwake, na usiende mikono mitupu, sukari na majani ya chai vinatosha. Mwulize anakubali? Picha gani itumike? Kuna jambo asingependa litajwe, kama ugonjwa au ndoa iliyovunjika? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo kibali kiwe cha maandishi. Lakini hata pasipo sheria, huo ni ustaarabu tu.

Kisha mwulize swali hili: "Wewe mwenyewe unataka likumbukwe lipi?" Mkimbiaji mmoja wa mbio ndefu tulidhani angetaja kikombe. Akatusimulia mbio alizoshika nafasi ya nne, peku, kwenye uwanja wenye matope, akiwa ametoka kuugua malaria wiki ileile. Tukaandika hilo.

Hatua ya 4. Maandishi ya ngao

Hii ndiyo hatua iliyotuangusha. Usiandike "kwa kutambua mchango wake mkubwa katika sekta ya michezo". Maneno hayo unaweza kumbandika yeyote. Andika nafasi, miaka, mashindano na tendo. Kwa mfano: "Mfungaji (GS) wa netiboli, 1984–1986. Nahodha wa kikosi kilichofika fainali ya vyuo vya ualimu." Mistari miwili, na mjukuu atajua.

Kabla fundi hajachonga, msomee mwenyewe kwa simu, herufi kwa herufi. Mwaka mmoja tulikosea herufi moja kwenye jina la ukoo. Mzee alitabasamu akaipokea, lakini ile ngao haijawahi kutundikwa sebuleni kwake. Tulitengeneza nyingine.

Hatua ya 5. Siku yenyewe

Msiichomeke kwenye mahafali. Siku ile wazazi wamekuja kuwaona watoto wao, na mzee wenu wa riadha atasomwa haraka kati ya burudani na hotuba. Chagueni siku ya mechi kubwa ya chuo, wakati wa mapumziko au kabla ya mpira kuanza, uwanja ukiwa umejaa.

Nauli ilipwe kabla, si kurudishiwa baadaye. Viti viwe kivulini. Wenzake wa kikosi waitwe wasimame naye, na mmoja wao ndiye asimulie, kwa dakika tano, kabla ya mgeni rasmi kuzungumza. Jezi akabidhiwe na nahodha wa sasa anayecheza nafasi ileile. Niliwahi kumwona mama wa miaka sitini na kitu akimshika bega binti wa GS wa sasa na kumwonyesha namna ya kusimamisha mguu kabla ya kurusha. Mshereheshaji alitaka kuendelea na ratiba, nikamzuia.

Hatua ya 6. Baada ya shughuli

Nakala ya daftari ibaki maktaba ya chuo, nyingine kwa katibu wa wahitimu. Simulizi zirekodiwe kwa simu. Ngao ya ukutani iwe mahali wanafunzi wanapopita, bwaloni kwa mfano. Ukumbi wa mikutano hufungwa wiki nzima.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Dodoma: Shikamoo mwalimu. Chuo chetu kilibadilishwa kikawa kitu kingine na nyaraka zote hazijulikani zilikokwenda. Sisi tunaanzia wapi?*

Marahaba mwanangu. Anzieni kwenye makabati ya nyumbani. Waombeni wahitimu wapige picha vyeti vyao vya michezo, medali na picha za kikosi, wazitume kwa mtu mmoja tu anayepanga kwa mwaka. Cheti cha mshiriki kimesainiwa na kina tarehe, huo ni ushahidi kamili. Pia ulizeni vyuo mlivyokuwa mnacheza navyo. Aliyewafunga anakumbuka vizuri sana.

*Mwanachama wa Eldoret: Mwalimu, mafanikio yakiwa ya timu, na wengine kwenye timu hawakuwa wa chuo chetu, tunafanyaje?*

Mnamuenzi wa kwenu, lakini mnawataja wote. Kwenu Kenya mna mfano mzuri: dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, Munich 1972. Robert Ouko na Julius Sang walisoma North Carolina Central, chuo alichofundisha kocha LeRoy Walker. Chuo kile kina haki ya kujivunia hao wawili. Lakini kijiti kilianza kwa Charles Asati, kikaenda kwa Hezahiah Nyamau, ndipo kikamfikia Ouko, na Sang akamaliza. Ukiwaandika wawili peke yao, msomaji hataelewa mbio zilikimbiwaje.

*Mwanachama wa Dar es Salaam: Kuna kaka alituchezea kikapu miaka miwili akaondoka bila kuhitimu. Kamati imegawanyika.*

Mimi nasema anastahili. Hasheem Thabeet aliondoka Chuo Kikuu cha Connecticut baada ya msimu wa tatu, akachaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji bora wa ulinzi katika ligi yao ya Big East misimu miwili, 2008 na 2009. Misimu hiyo aliicheza kwa jezi ya chuo, na kuondoka kwake hakuifuti. Kwenye ngao andikeni miaka aliyocheza, msiandike shahada ambayo hana.

*Mwanachama, hakutaja mkoa: Naomba nisieleweke vibaya. Bingwa wetu wa zamani sasa hivi ni mlevi. Baadhi ya wajumbe wanasema atatuaibisha.*

Umeuliza vizuri, ndugu yangu. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Olimpiki hakukimbia hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na 1980. Baadaye pombe ilimtesa miaka mingi, na yeye mwenyewe aliyasema hayo hadharani. Alifariki Februari 2024. Nani leo atasema siku zile 81 zipunguzwe?

Mtembeleeni bingwa wenu mapema, zaidi ya mara moja. Chagueni saa za asubuhi. Awe na mtu wake wa karibu pembeni, anayemwamini. Kama kusimama mbele ya umati kunamtisha, mfanyieni nyumbani kwake na kikosi chake cha zamani. Wajumbe wanaoogopa aibu wapewe kazi ya kwenda kumchukua, wakae naye njiani.

*Mwanachama wa Mwanza: Bahasha ya pesa ni sawa au inashusha heshima?*

Ni sawa kabisa, ila isitolewe jukwaani na isitajwe kiasi. Mtu aliyecheza bila malipo hana haja ya kuhesabiwa noti mbele za watu. Watu wakitaka kumtunza wakati wa ngoma, hiyo ni furaha yao, waacheni.

*Mwanachama, bado mwanafunzi: Shikamoo mwalimu. Tuna majina thelathini na bajeti ya watu wanne. Tuanze na nani?*

Marahaba. Anzeni na mwenye umri mkubwa kuliko wote kwenye daftari, kisha anayemfuata. Mpigie leo. Piga kabla ya saa mbili usiku, wazee wengi hulala mapema.