Mtoto anayeuguza nyumbani: namna ya kumpunguzia mzigo

Hapa kwetu Njombe, mkoa ambao utafiti wa VVU wa 2022–2023 uliukuta na kiwango kikubwa kuliko mikoa mingine ya Bara, si ajabu mtoto wa darasa la sita ndiye akawa anajua bibi anywe kidonge kipi na saa ngapi. Mimi ni mlezi wa kikundi cha vijana cha kata yetu, na nimo pia kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji. Nawaandikia walezi wenzangu, kwa sababu watoto hawa hawaji wenyewe kuomba msaada. Wanaona wanatimiza wajibu wao tu.

Anzia kwenye daftari la mahudhurio. Mwombe mwalimu wa darasa mlitazame pamoja. Utoro wa mtoto anayeuguza una mpangilio: anakosa siku ya kliniki, anachelewa karibu kila asubuhi, halafu mwezi wa kulima haonekani kabisa.

Ukienda nyumbani, ongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mjumbe ambaye familia inamfahamu. Msalimie mgonjwa kwanza, ukae, umweleze mapema kwamba hujaja kumchukua mtoto. Hofu hiyo wazazi wengi wanayo, na isipotolewa hutaambiwa ukweli hata kidogo. Ugonjwa wenyewe usiuulize mbele ya watu, wala usiutaje ukitoka hapo. Hali ya mtu kuhusu VVU ni siri inayolindwa na sheria tangu 2008.

Mtoto naye usimuulize anajisikiaje. Atasema yuko vizuri. Muulize, "Ukiamka unaanza na nini?" kisha unyamaze, aendelee. Kijana mmoja wa miaka 14, mama yake amepooza upande kwa kiharusi, alinihesabia: saa kumi alfajiri anawasha moto, anamgeuza mama, anamsafisha, anafua shuka, anapika uji, anamwandaa mdogo wake. Shuleni kila siku alikuwa anaandikwa mchelewaji.

Kwenye orodha kama hiyo, tafuta kazi moja inayoumiza kuliko zote, uanze nayo. Kwa kijana huyu ilikuwa kumgeuza mama. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo atatoka vidonda mgongoni na makalioni, na mtoto alikuwa akimvuta kwa mikono, peke yake, usiku kucha. Tulimwomba mhudumu wa afya awafundishe watu wazima wawili, shangazi na jirani: shuka imara inakunjwa mara mbili, inapitishwa chini kuanzia mabegani hadi mapajani, kila mmoja anashika upande wake, wanakunja magoti badala ya kuinama kiuno, wanavuta kwa pamoja. Tukapanga zamu za usiku kwa majina. Jirani akisema "tutasaidia" bado hajasaidia. Muulize siku gani na saa ngapi, uandike mbele yake. Maji na kuni vigawanyeni hivyohivyo.

Shuleni, zungumza na mwalimu mmoja anayeaminika, akubali mtoto achelewe bila adhabu na amtunzie kazi za darasa. Elimu bila ada haijaondoa sare, viatu na madaftari, kwa hiyo uliza. Aliyekwisha kuacha shule hajapoteza kila kitu: wa umri wa msingi anaweza kupitia MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, na tangu Novemba 2021 walioacha kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi.

Msaada wa fedha wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, huanzia kijijini, kwani kaya hutajwa kwenye mkutano wa hadhara wakati wa utambuzi. Mgonjwa hawezi kufika na mtoto hasikilizwi, kwa hiyo hakikisha kuna mtu mzima wa kuitaja kaya hiyo.

Ukiona mtoto anapigwa, analala njaa au ananyanyaswa kingono, usisubiri kikao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aitoe kwa serikali za mitaa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, bure.

Kikundini kwetu anayeuguza haitwi mbele kutoa ushuhuda. Anacheza mpira, anakula, na anakaribishwa aje na mdogo wake, maana asipokuja naye hatakuja kabisa.

Na mgonjwa akifariki, usikome kwenda. Matanga yakiisha ndugu hutawanyika, na kikao cha ukoo hugawa watoto kama vyombo, huyu kwa mjomba, yule kwa shangazi. Omba ukae kwenye kikao hicho pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Mtoto aulizwe anataka kukaa na nani, wadogo zake wasitenganishwe naye bila sababu, na kabla hamjainuka ijulikane nani anafuatilia cheti cha kifo, na shamba linabaki chini ya uangalizi wa nani hadi akue.