Namna ya kupima chaji ya uso wa kioo cha volkeno katika maji ya chumvi

Obsidiani, kile kioo cheusi cha volkeno kinachookotwa pande za Naivasha, ikisagwa na kutiwa majini huwa na chaji usoni, kwa sababu kadiri pH (kipimo cha uasidi na ualkali) inavyopanda ndivyo protoni, yaani ayoni za hidrojeni, zinavyobanduka na kuacha uso ukiwa hasi.

Anza na chumvi yenyewe. Hapa Mombasa hewa ina unyevu mwingi, na kloridi ya sodiamu iliyolala wazi hukutwa asubuhi imeshikana mabonge. Ukiipima hivyo, unapima na maji. Ikaushe kwa joto la nyuzi 110, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha yeyusha gramu 0.584 kwa lita moja, na gramu 5.84 kwa lita nyingine, upate moli 0.01 na moli 0.1. Maji ya bahari yaache kwanza, maana kalsiamu na magnesiamu zilizomo hung'ang'ania uso wa kioo na kuvuruga hesabu.

Saga obsidiani ukiwa umevaa miwani, kwani vigae vyake hukata kama wembe, kisha suuza unga mpaka vumbi laini liishe.

Tia unga uliopimwa ndani ya myeyusho na upitishe naitrojeni, ili kabonidayoksaidi ya hewani isiingie ikawa asidi. Dondosha hidroksaidi ya sodiamu, ambayo ni alkali, kwa bureti, yaani mrija wenye alama za ujazo. Baada ya kila tone, tazama kipimo: pH huruka juu, kisha hushuka polepole, tuseme 8.40, 8.31, 8.27, na huko kushuka ndiko uso unakotoa protoni. Andika namba ikishatulia, lakini usivuke pH 9, kwani kioo chenyewe huanza kuyeyuka kwa kasi zaidi.

Rudia yote bila unga. Wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo roho ya kazi: tofauti ya moli za alkali kati ya vipimo viwili, katika pH ileile, ndiyo protoni zilizotoka kwenye kioo. Izidishe kwa kulombu 96,485, ambazo ni chaji ya moli moja ya protoni, ugawe kwa eneo lote la uso wa unga.

Ukichora grafu ya chaji dhidi ya pH, mchirizo wa moli 0.1 unapaswa kuonyesha chaji kubwa zaidi, kwa kuwa ayoni za sodiamu zinazosongamana karibu na uso hurahisisha protoni kuondoka. Hata hivyo nguvu ya chaji hiyo hufika mbali kidogo tu, takriban nanomita 1, ilhali katika moli 0.01 hufika nanomita 3. Michirizo ikitokea kinyume, kagua kwanza kipimo kisicho na unga.