PhD: usisubiri joho ndo uanze kujiona mtafiti

Wengi wanaopiga PhD hapa Bongo tayari ni wahadhiri wasaidizi, asubuhi anafundisha darasa limejaa mpaka dirishani, mchana yuko nje ya ofisi ya supavaiza na chapta mkononi kama fomu wani aliyeitwa na hedimasta. Hapo kati ndo watu wanapotea, hujui we mwanafunzi au mwenzao.

Anza na jina, watu wanalidharau sana hili. Majina yetu matatu yanatembea, pepa moja ya utafiti umeweka la baba, nyingine la babu, ukiolewa linaingia la mume, mwisho Google Scholar, ile ya kutafutia pepa za utafiti, inakuona watu watatu wenye pepa moja moja. Chagua jina moja la kuchapishia mapema alafu fungua ORCID, yaani utambulisho wa mtafiti mtandaoni, ni bure, unapewa namba ya tarakimu 16 ambayo unabaki nayo hata ukihama chuo.

Ukiulizwa unafanya nini usijibu "nasoma PhD Mlimani", hiyo ni anwani tu. Taja swali lako, mfano "natafuta kwa nini wakulima wa mpunga Kilombero wanaacha mbegu mpya baada ya msimu mmoja". Kama bodaboda anaelewa na profesa nae anataka kubishana, umefika.

Kwa supavaiza usiende na "sasa prof nifanyeje?", nenda na uamuzi: nimechagua njia hii, sababu hizi, wasiwasi wangu uko hapa. Shikamoo inabaki palepale, ila maongezi yanabadilika, na ukizoea kujitetea ofisini kwake viva, ule mtihani wa kutetea tasnifu yako mbele ya watahini, haikutishi sana. Na jarida linaloahidi kukuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa dola, kimbia, ni la kitapeli, na hiyo pepa itakaa kwenye CV yako mpaka siku ya intavyuu.

La mwisho tafuta wenzio. Kama uko kwenye afya ya jamii kuna CARTA, mtandao wa kuwanoa watafiti wa Afrika, imeanza 2008, inaongozwa na APHRC, kituo cha utafiti cha Nairobi, pamoja na Wits, chuo kikuu cha Afrika Kusini, inakusanya watu wa PhD toka vyuo tofauti vya Afrika. Ukikosa, hata grupu la WhatsApp la watu wanne mnaosomeana chapta linatosha, mradi mmoja awe wa fani nyingine kabisa, maana huyo ndo atauliza yale maswali "ya kijinga" ambayo mtahini wa nje nae huwa anayauliza.