Tulivyomaliza mkopo wa nyumba mapema, karo ikilipwa na sufuria ikichemka

Aprili 2014 benki ilikata malipo yetu ya kwanza: shilingi 58,433. Siku chache baadaye niliomba taarifa ya mkopo, nikaisomea ndani ya matatu nikirudi nyumbani Imara Daima, Nairobi, baada ya zamu ya usiku. Katika zile 58,433, riba ilikuwa imechukua 56,000. Deni lenyewe lilikuwa limepungua kwa shilingi 2,433. Niliisoma mara tatu nikidhani nimekosea mstari.

Mkopo ulikuwa wa milioni 4.2, miaka 20, riba asilimia 16, na benki ilikuwa na ruhusa ya kuibadilisha. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya binafsi. Mume wangu anachomelea mageti na madirisha Kariobangi Light Industries. Mshahara wangu huingia tarehe 28. Pesa zake hazina tarehe. Watoto ni watatu. Deni tulilimaliza Desemba 2023, miaka kumi na miezi mitatu kabla ya siku yake. Hatukuuza shamba wala kurithi chochote. Naeleza hapa tulivyofanya ili mwenye mkopo kama wetu aanze mapema kuliko tulivyoanza sisi.

Anza na ratiba ya marejesho. Usiridhike na ule ujumbe wa simu wa kusema malipo yamepokelewa. Nenda tawini au andika barua pepe, uombe ratiba nzima inayoonyesha mwezi kwa mwezi riba ni ngapi na deni la msingi, yaani pesa yenyewe uliyokopa, ni ngapi. Hesabu yenyewe si ngumu: chukua deni lililobaki, zidisha kwa riba ya mwaka, gawanya kwa 12. Hiyo ndiyo riba ya mwezi huu, na ndiyo inayolipwa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachogusa deni. Ndiyo maana miaka ya mwanzo inaumiza. Baada ya miezi 31 tulikuwa tumelipa zaidi ya milioni 1.8, na deni lilikuwa limeshuka kwa takriban 93,000 tu. Lakini ukigeuza hesabu hiyo utaona mlango: shilingi yoyote ya ziada unayotoa miaka ya mwanzo haigawanywi na riba. Inakwenda yote kwenye deni, na riba ya mwezi ujao inahesabiwa juu ya deni dogo zaidi.

Riba ikishuka, usikubali malipo yashuke

Hili ndilo lililotusaidia kuliko yote, na halikutugharimu hata senti mpya. Septemba 2016 sheria ya kudhibiti riba ilianza kazi Kenya: benki hazikuruhusiwa kutoza zaidi ya pointi nne za asilimia juu ya kiwango cha riba kinachotangazwa na Benki Kuu. Riba yetu ikatoka 16 hadi 14. Benki ikatuandikia kwamba kuanzia mwezi ujao tutalipa 52,574 badala ya 58,433.

Mume wangu, Baba Imani, alifurahi. Karibu shilingi 6,000 kila mwezi ni gunia la makaa, gesi na nauli ya wiki mbili. Nilimwomba anipe usiku mmoja. Nikakaa mezani na kikokotoo, asubuhi nikamwonyesha: tukilipa 52,574, tunamaliza baada ya miezi 209 iliyobaki. Tukiendelea na 58,433 tuliyokwisha kuizoea, tunamaliza kwa miezi 148. Miaka mitano inaondoka, na hakuna mtu nyumbani aliyepunguziwa chakula, kwa sababu pesa hiyo tayari ilikuwa haipo kwenye bajeti yetu. Aliangalia karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mama Imani, andika hiyo barua leo.”

Nasisitiza jambo hili kwa sababu limerudi. Kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 13 Februari 2024. Agosti 2025 kilikuwa kimefika 9.5. Benki yako ikikuletea habari njema ya malipo madogo, omba kwa maandishi malipo yabaki palepale na miaka ndiyo ipungue. Nayo isipokushushia riba, nenda uulize ni kwa nini, ukiwa na barua yako ya mkopo mkononi.

Barua yenyewe

Januari 2017 tulilipa 100,000 za ziada: faida ya mageti ya Desemba, pamoja na zamu nilizofanya Krismasi na Mwaka Mpya. Niliziweka kwenye akaunti ya mkopo na kurudi nyumbani nikiwa na raha. Mwezi wa tatu nilipochukua taarifa, deni lilikuwa limeshuka kidogo tu, kama kawaida. Benki ilizihesabu pesa zetu kama malipo ya miezi ya mbele. Afisa wa mikopo alinieleza kwamba bila maagizo ya maandishi ndivyo mtambo unavyofanya. Nilikaa kwenye kile kiti nikakataa kuondoka mpaka waandike ombi la kurekebisha, na ilichukua wiki saba.

Tangu siku hiyo hatukuwahi kulipa ziada bila barua. Maneno yake ni haya, yachukue:

“Tafadhali pokeeni shilingi ___ kama malipo ya ziada ya kupunguza deni la msingi la mkopo nambari ___. Malipo ya kila mwezi yabaki kama yalivyo. Kipindi cha mkopo ndicho kipunguzwe. Naomba ratiba mpya ya marejesho.”

Chapisha nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Ratiba mpya ikija, linganisha tarehe ya mwisho na ile ya zamani. Na kabla ya kulipa chochote, soma mkataba wako uone kama kuna ada ya kulipa mapema au notisi unayotakiwa kutoa. Mikataba haifanani, na mingine hutoza tu unapolifuta deni lote kwa mpigo.

Pesa ya ziada inatoka wapi

Si kwenye karo. Tulikubaliana mapema kwamba karo haiguswi. Imani alipoingia kidato cha kwanza 2019, karo rasmi ya shule ya kitaifa ya bweni ilikuwa 53,554 kwa mwaka, lakini ongeza sanduku la chuma, godoro, sare na viatu, na nauli za kufungua na kufunga shule. Tulikuwa tumeanza kuweka 7,000 kila mwezi tangu akiwa darasa la sita, kwenye akaunti tusiyo na kadi yake. Januari ilipofika hatukukopa. Kama kila Januari unachukua mkopo wa simu kulipa karo, tengeneza hilo kwanza. Hakuna maana ya kupunguza deni la asilimia 14 huku unafungua lingine lenye riba ya juu zaidi.

Kitu cha pili tulichoweka kabla ya kuanza ziada ni akiba ya miezi mitatu: malipo ya nyumba, chakula, stima, maji. Ilituchukua mwaka mzima. Machi 2020 corona ilipoingia na watu wakaacha kuagiza mageti, akiba hiyo ndiyo iliyotubeba. Benki Kuu iliruhusu walioathirika kuomba kupangiwa upya mikopo, na jirani zetu kadhaa waliomba. Sisi tuliuliza swali moja: riba itaendelea kuhesabiwa tukiwa hatulipi? Jibu lilikuwa ndiyo. Tukasimamisha ziada zote, tukalipa kile cha kawaida peke yake, tukala ugali na sukuma wiki kwa wingi mwaka ule. Kama huna kabisa, omba nafuu, ipo kwa ajili hiyo. Ila uliza swali hilo kwanza.

Mshahara wangu uliendesha nyumba. Pesa za mume wangu ndizo zilizokimbiza deni, na kwa sababu hazina mpangilio tulizitungia kanuni. Kila kazi kubwa ikilipwa, kwanza chuma na vijana wake wawili. Faida iliyobaki tunaigawa mara tatu: theluthi inarudi kwenye kazi, theluthi nyumbani, theluthi kwenye mkopo. Tulifanya hesabu hiyo Jumapili jioni kwenye daftari la mraba lenye gamba la kijani, watoto wakiwa pale pale. Imani ndiye aliyeandika. Kifungua mimba anayejua deni limebaki ngapi haombi viatu vya 6,000, na akiviomba siku moja unajua amefikiria. Mgao wa Sacco yangu, unaolipwa miezi ya mwanzo wa mwaka, ulikwenda wote kwenye deni kila mwaka isipokuwa 2020.

Jamaa ni sehemu ngumu. Mimi ni binti wa kwanza, yeye ni mtoto wa kiume wa pekee. Mazishi, hospitali, karo ya mpwa, yote huja kwetu. Tuliweka 5,000 kila mwezi kwenye M-Pesa tofauti iliyoitwa ya jamaa. Ikiwa na pesa, tunatoa bila kunung’unika. Ikiisha, tunasema ukweli kwamba imeisha mpaka mwezi ujao. Mama mkwe alipofanyiwa upasuaji tuliacha ziada kwa miezi mitano, na sijutii hata shilingi moja ya zile.

Kitu ambacho wengi wanakiacha mezani ni nafuu ya kodi. Kama unaishi kwenye nyumba hiyo na mkopo unatoka kwa taasisi inayotambuliwa na sheria, riba unayolipa inapunguza mshahara unaotozwa kodi, sasa hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Kwa anayekatwa asilimia 30, hizo ni 9,000 zinazobaki mfukoni kila mwezi. Omba cheti cha riba benki, kipeleke kwa anayeshughulikia mishahara kazini, na ukitaje unapojaza marejesho ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Mimi nilikaa karibu miaka mitatu bila kujua. Nilipoipata, niliigeuza nyongeza ya kudumu kwenye malipo ya mkopo.

Kuhusu mkopo wa Sacco wa kulipia mkopo wa benki: tulifanya mara moja, mwishoni, deni lilipobaki dogo. Asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua ni nafuu kuliko 14 kwa mwaka, lakini muda wake ni mfupi, kwa hiyo kila mwezi unakatwa pesa nyingi zaidi. Usijaribu kama mshahara umeshakaza.

Siku ya mwisho si siku ya mwisho

Ukilipa shilingi ya mwisho, bado hati si yako mkononi. Omba salio la kufunga akaunti la tarehe maalum, kwa sababu riba huongezeka kila siku. Baada ya kulipa, chukua barua ya kuthibitisha huna deni. Simamisha agizo la malipo na uulize kuhusu bima ya mkopo, kwani yetu iliendelea kukatwa mwezi mmoja zaidi mpaka nilipopiga simu. Kisha wakili anaandaa hati ya kuondoa rehani, benki inatia sahihi, inasajiliwa kwenye ofisi ya ardhi. Weka akiba ya ada za wakili mapema. Kwetu ilichukua miezi minne ya kufuatilia. Mwishowe fanya upekuzi rasmi wa kiwanja au nyumba yako, ufungue ile sehemu inayoonyesha madai na vizuizi, na uhakikishe jina la benki halipo tena.